Kutoka Nyabugogo hadi Gisenyi: Njia ya Kiswahili katika Nchi ya Milima

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu vizuri. Nyumbani kwao wanamwambia kwamba Kiswahili ni lugha ya askari, ya wachuuzi na ya watu wa stendi. Kwa nini basi Chuo Kikuu kimfundishe? Tulimtajia miaka miwili: 2007, Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na 2017, Bunge lilipopitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Jibu hilo halikumridhisha, wala sisi wenyewe halikuturidhisha. Ndipo tulipoamua kuwapeleka wanafunzi wetu safari ya siku moja, tuitafute historia hiyo njiani.

Safari yetu ilianzia Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali. Kituo hiki kiko bondeni, jirani na mto wa jina hilohilo utokao Ziwa Muhazi na kumwaga maji yake katika Nyabarongo. Kabla hata ya kupanda basi, tuliwataka wanafunzi wasikilize saa zinavyotajwa. Mnyarwanda akihesabu vitu, sita kwake ni gatandatu na saba ni karindwi. Lakini akitaja wakati atasema saa sita na saa saba kama mtu wa Tanga, na saa moja ataiita saa moya. Wanafunzi wetu walikuwa wakisema hivyo tangu utotoni bila kujiuliza maneno hayo yametoka wapi.

Si mbali na kituo hicho, katika kilima cha Nyarugenge, ipo nyumba ya Richard Kandt, ambayo sasa ni makumbusho. Kandt, Mjerumani, aliuanzisha mji wa Kigali mwaka 1907 kama makao ya utawala. Wakati huo Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi ya utawala huo. Kilifika kwa miguu ya askari, wapagazi, makarani na wafanyabiashara. Msikiti wa Al-Fatah huko Nyamirambo, uliojengwa mwaka 1913, ni ushahidi wa jamii iliyokua pamoja na mji huo.

Basi lilipanda Shyorongi, na mabonde yakabaki chini yetu yakiwa yamejaa ukungu. Tulipumzika Nyirangarama, mahali panapojulikana kwa mishikaki na pilipili ya akabanga, kisha tukaendelea hadi Musanze, mji ulioitwa Ruhengeri kabla ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006. Hapo ndipo milima ya volkano ya Virunga inapoonekana vizuri. Sabyinyo, yenye vilele vilivyochongoka, ni mlima wa meno: jino kwa Kinyarwanda ni iryinyo. Karisimbi, yenye mita 4,507, ndiyo ndefu kuliko yote. Wenyeji hulihusisha jina lake na isimbi, simbi nyeupe, kwa sababu ya theluji au mvua ya mawe inayoonekana kileleni mara kwa mara. Tuliwaomba wanafunzi walitafakari neno hilo. Kamusi zetu za Kiswahili nazo zina neno simbi, na simbi za kauri ni mali ya bahari. Bidhaa za pwani zilikuwa zikipita mkono kwa mkono hata zikafika bara, kabla ya serikali yoyote ya kikoloni kupanga lugha ya kazi.

Kutoka Musanze barabara hupita kwenye mashamba ya viazi na pareto yenye kuta za mawe ya volkano, kisha huteremka kupitia Nyundo, misheni iliyoanzishwa mwaka 1901, hadi Gisenyi kwenye Ziwa Kivu. Mwaka 1894 von Götzen alifika katika ziwa hili na kuupanda Nyiragongo. Alikuwa ameondoka Pangani na msafara wa mamia ya watu. Vitabu vyataja jina lake, lakini waliobeba mizigo hawatajwi, na lugha ya safari ilikuwa yao.

Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916, hali ilibadilika. Elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na Waislamu wa mijini walitengewa mitaa iliyoitwa kambi za Waswahili, wakadhibitiwa mienendo yao. Dharau aliyoisikia mwanafunzi wetu nyumbani ina mizizi humo. Hadi leo neno umuswahili laweza kumaanisha mtu mjanja asiyeaminika. Hata hivyo lugha haikufa. Gisenyi upo mtaa uitwao Majengo, jina linalopatikana pia Mombasa, Nairobi na Moshi. Baada ya Jenoside dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, familia nyingi zilirejea kutoka Tanzania, Uganda na Kongo zikiwa na Kiswahili chao. Na mpakani na Goma tuliwakuta akina mama wenye vikapu vya mboga wakipatana bei kwa Kiswahili cha Kivu, ambacho tungekitia alama nyekundu katika mitihani yetu, lakini ndicho kinachowalisha watoto wao.

Tukirudi Nyabugogo usiku, tulimjibu mwanafunzi wetu upya. Waliomwambia hawakukosea: ni lugha ya askari, ya wachuuzi na ya watu wa stendi. Ilikuja na amri na mizigo kichwani, na hilo tusilifiche. Lakini watu haohao waliitunza kwa zaidi ya miaka 100, wakati shule hazikuitaka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu yake alikuwa mchuuzi.

Walimu wenzetu, Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Tusianze somo la historia ya Kiswahili nchini kwa sheria ya mwaka 2017. Tuanze na igitabo, ikaramu, isaha na idirishya, maneno ambayo mwanafunzi anayo tayari kinywani anapoingia darasani.