Maziwa Yaliyolala

Mama yangu hakununua maziwa ya kupaka nywele hata siku moja. Katika Kibera ya miaka ya 1970, hiyo ingekuwa israfu. Tuliishi Makina, na kila asubuhi mama aliuza chai na maziwa mlangoni. Stima hatukuwa nayo, friji ndiyo kabisa. Yaliyobaki hadi magharibi aliyamimina kwenye kibuyu, na kesho yake tuliyakuta yameganda. Ndiyo maana Kenya tunayaita maziwa lala, au mala kwa ufupi: yamelala usiku bila kupata mnywaji. Ya siku mbili tuliyala na ugali. Ya siku nne, makali hata kwa ulimi wa baba, yalikuwa yetu sisi wasichana, kichwani.

Nasuka nywele Kawangware tangu 1993. Wateja wachanga hunionyesha kwenye simu akina dada wa ng'ambo wakijipaka yogati, na huamini jambo hili limezaliwa huko. Huwa nasimamisha kitana na kuwaeleza.

Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles. Jina lenyewe latokana na kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitenga ardhi hiyo rasmi kwa ajili ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Wazee wa Kinubi walilima mahindi na kufuga ng'ombe pale ambapo leo mabati yamebanana. Jirani yetu mmoja, bibi wa Kinubi, alikuwa bado na ng'ombe wawili nilipokuwa mdogo, na ndiye aliyemuuzia mama maziwa. Ndiye pia aliyemfundisha kuyapaka. Kwao samli ilitangulia, ikachanganywa na karafuu. Mala ilikuwa ya nyumba ambayo haikuwa na maziwa ya kutosha kusukwa yakatoa siagi. Wala si Wanubi peke yao: wanawake wa Kiborana hupaka nywele siagi, na morani wa Kimaasai huzipaka mafuta na udongo mwekundu.

Lakini maziwa ya mjini yalikuwa na mwenyewe. KCC, chama kilichoundwa na walowezi mwaka 1925, ndicho kilichokuwa na haki ya kuuza maziwa mijini, na hali hiyo ilidumu miaka mingi baada ya uhuru. Kwa hiyo mama aliuza jicho likiwa njiani. Askari wakionekana, debe liliingia uvunguni na kushinda humo kutwa. Hiyo ilikuwa hasara ya mama, na wiki hiyo nywele zetu zilishiba.

Mwaka 1992 soko la maziwa lilifunguliwa. Nilipoolewa Kawangware mwaka uliofuata, nilikuta mitungi ikishuka kutoka Kikuyu na Limuru kila alfajiri, na vibanda vikiuza bila kujificha. Wakati huo dawa za kulainisha nywele zilikuwa zimeshika kila saluni. Wanawake walinijia na vichwa vilivyoungua, nywele zikikatika kama nyasi za Januari. Nikakumbuka kibuyu.

Mala huchujwa kwa kitambaa chepesi, ikapakwa mstari kwa mstari kutoka shinani, ikakaa nusu saa. Zamani tulifunika kichwa kwa mfuko wa plastiki wa dukani. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, natumia leso iliyoloweshwa. Kuosha ni kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto huyapika maziwa kichwani yakawa punje nyeupe, na hizo utazichambua hadi jioni.

Siri yake ni uchachu. Sabuni ya kipande, ambayo wengi wetu tuliogea na kufulia, ina pH ya karibu 10, nayo huyainua magamba madogo ya unywele. Dawa ya kulainisha hupita 12. Mala iko karibu 4.5, jirani na ngozi ya kichwa yenyewe, hivyo magamba hulala tena na kitana hupita. Protini yake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Hukaa juu tu. Unywele uliokwisha kuungua haiufufui, na mteja namwambia hivyo kabla hajaketi.

Siku hizi wengine huja na yogati ya dukani yenye sukari na rangi ya stroberi. Nawarudisha nayo nyumbani, wakawape watoto. Mimi Jumamosi jioni huvuka barabara hadi kwa muuza maziwa, nikamuuliza alichouliza mama kwa bibi wa Makina: kuna yaliyolala?