Kutoka Vienna hadi Mlima Elgon: Nafsi, Ndoto na Istilahi katika Nadharia za Uchanganuzi Nafsi

Wanafunzi wetu wa fasihi hufundishwa Freud, Adler na Jung kama mikabala mitatu ya kuchagua wanapohakiki riwaya. Ni mara chache huulizwa nadharia hizo zilitungwa kwa lugha gani na zilitufikia kwa njia ipi. Makala haya yanadai kwamba historia ya nadharia za nafsi ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya maneno, na kwamba Kiswahili kiliingia katika historia hiyo mapema kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1902 Sigmund Freud alianza kukutana na madaktari wachache nyumbani kwake Vienna kila Jumatano jioni. Alfred Adler alikuwamo tangu mwanzo. Carl Gustav Jung, daktari wa Zürich, alikutana na Freud mwaka 1907. Wote watatu waliamini kwamba mtu huendeshwa, kwa sehemu, na mambo asiyoyatambua. Walitofautiana kuhusu mambo hayo ni yapi. Kwa Freud, ni matamanio, hasa ya kijinsia, yaliyokandamizwa tangu utotoni. Adler, aliyejitenga mwaka 1911, alisisitiza hisia ya unyonge na juhudi za mtu kuishinda akiwa ndani ya jamii. Kwake, nafsi ni kitu kimoja kisichogawanyika, na huelewekwa kwa kutazama lengo lake kuliko chanzo chake. Jung, ambaye urafiki wake na Freud ulivunjika mwaka 1913, aliongeza tabaka la ndani zaidi linalomilikiwa na wanadamu wote, ambalo maumbo yake tunayaita vikale.

Tofauti hizi zilifunikwa na tafsiri. Mwaka 1923 Freud alichapisha kitabu Das Ich und das Es. Neno Ich ni kiwakilishi cha kila siku cha Kijerumani, yaani “mimi”. Es ni kiwakilishi cha kisicho cha kiume wala cha kike, ambacho Freud alikiri kukipata kwa Georg Groddeck. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1927 ilivigeuza kuwa maneno ya Kilatini, ego na id, na mkusanyiko wa majuzuu 24 uliohaririwa na James Strachey kuanzia mwaka 1953 ukayaimarisha. Lugha ya nyumbani ikawa lugha ya zahanati. Sisi tuliyapokea maneno hayo kutoka Kiingereza, ilhali sarufi yetu ilikuwa tayari na “nafsi ya kwanza”, dhana iliyo karibu zaidi na Ich kuliko ego. Hata hivyo, nafsi nayo ina historia yake. Msomaji wa pwani anaposikia nafsi hukumbuka nafsi ammara, lawwama na mutmainna. Kuzilinganisha moja kwa moja na sehemu tatu za Freud kunavutia, lakini kunapotosha: mutmainna ni daraja ambalo mja hulifikia, si kiungo cha nafsi alichokua nacho.

Mwishoni mwa mwaka 1925 Jung mwenyewe aliwasili Mombasa, akasafiri hadi Mlima Elgon. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, zilizohaririwa na Aniela Jaffé na kuchapishwa baada ya kifo chake mwaka 1961, alizungumza na wenyeji kwa Kiswahili akisaidiwa na kamusi. Mganga mmoja mzee alimwambia kwamba tangu kuja kwa Wazungu watu hawaoti tena, kwa kuwa Waingereza sasa wanajua kila kitu. Jung alisikia humo msiba wa jamii iliyopoteza mwongozo wa vina vya nafsi yake. Freud angeweza kusikia ukinzani: mzee anamnyima mgeni kile anachokijua. Adler angesikia unyonge wa mtu aliyevuliwa hadhi katika jamii yake. Kauli moja, nadharia tatu.

Kuna swali la nne, nalo ni la mwanaisimu. Kiswahili hakikuwa lugha mama ya Jung wala ya mzee yule. Jung mwenyewe aliandika kwamba watu wa Elgon walitofautisha ndoto ndogo za mtu wa kawaida na maono makubwa ya mganga au mkuu. Kiswahili fasaha kina njozi, maono na ruya. Kiswahili cha kamusi mkononi huenda kiliishia kwenye ndoto. Inawezekana basi kwamba mzee hakukana kuota, bali alisema kuwa maono yenye mamlaka juu ya vita, maradhi na mvua hayana tena pa kusemwa, kwa sababu amri sasa hutoka kwa mkuu wa wilaya. Likisomwa hivyo, jibu lake ni ushahidi wa historia ya ukoloni kabla ya kuwa ushahidi wa nafsi ya wanadamu wote.

Funzo hili linatuhusu. Kwa miaka mingi nimefundisha istilahi “ung’amuzi bwete” bila kuihoji. Lakini anayekaa bwete hafanyi kazi, ilhali kile alichokieleza Freud hakipumziki: hupenya katika ndoto, katika kuteleza kwa ulimi, katika dalili za ugonjwa. Istilahi yetu inakanusha nadharia inayoitaja. Napendekeza “ung’amuzi fiche”, na kwa Jung “ung’amuzi fiche wa pamoja”. Kilichofichwa chaweza kutenda. Pendekezo hili linaweza kupingwa, na ni heri lipingwe. Lisilofaa ni kuendelea kuhakiki wahusika wa riwaya zetu kwa neno linalotangaza kwamba ndani yao hakuna kinachotendeka.