Maua ya Mkorosho na Karatasi ya Mnunuzi

Atakayeshuka kwenye basi mjini Nachingwea au Ruangwa akauliza duka la maua, yale ya kufungwa mashada kwa ajili ya bibi arusi au ya kuwekwa kaburini, huenda akatazamwa kwa mshangao, kwa kuwa maua ya namna hiyo mtu huyachuma uani kwake au huyaomba kwa jirani, wala hapana ayatiaye bei. Hata hivyo maua huuzwa huko. Ila muuzaji hayakati wala hayafungi, huyaacha juu ya mti, na mshitiri haendi nayo nyumbani bali huenda na ahadi. Ni maua ya mkorosho, madogo mno, meupe yenye michirizi ya rangi ya waridi, ambayo kuanzia Juni au Julai hujaa katika ncha za matawi na kuwaita nyuki kwa harufu yake tamu. Kati ya ua na korosho iliyoanikwa ipo miezi miwili au mitatu, na katika miezi hiyo mwenye shamba ana ada ya shule, ana mgonjwa, ana salfa ya kununua, ana mwana aliyemo jandoni au mwali wa kumtoa unyagoni. Basi akitokea mtu mwenye fedha taslimu, mikorosho kadhaa huuzwa ingali na maua, na baina ya wawili hao huandikwa karatasi. Historia ya karatasi hiyo, na ya mikono iliyoishika, ndiyo niliyokusudia kuieleza.

Mafakihi wa pwani, walioshika madhehebu ya Imamu Shafi, walikuwa na kauli juu ya bei ya namna hii kabla Wareno hawajauleta mkorosho kutoka Brazili. Kuuza tunda lililo mtini kabla halijaonyesha dalili ya kuiva ni jambo lililokatazwa katika hadithi za Mtume, kwa maana anunuaye hajui anachonunua na auzaye hajui anachouza. Lakini mafakihi haohao, wakijua kuwa mkulima hula kabla ya kuvuna, waliruhusu bei ya salamu, ambayo ndani yake fedha hutolewa yote palepale, kipimo hujulikana, namna ya mali husemwa, na siku ya kukabidhi hutajwa. Mali haifungamani na mti huu wala ule, bali ni deni la pishi au frasila zilizo wazi. Tena ipo aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ndefu kuliko aya zote za Kurani, iamrishayo deni la muda liandikwe mbele ya mashahidi. Wengi huitaja aya hiyo, na wengi hulipita jambo moja lililomo: anayeamrishwa kumtamkia mwandishi maneno ya kuandikwa ni mdaiwa, wala si mwenye kudai.

Katika zama za misafara amri ya kuandika ilishikwa sana, na ile ya nani atamke ilishikwa kwa kadiri ya nguvu za mtu. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, mathalani Taria Topan aliyemkopesha Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, walitoa bidhaa kwa waraka na ikirari, na kule Kilwa na Lindi bidhaa hizo zilipanda bara kutafuta pembe, sandarusi, nta, na baadaye mpira wa mwitu kutoka nchi ya Wamwera. Waraka ulikuwa na nguvu pwani, alikokuwako kadhi na liwali. Huko bara, kwa mgema mpira aliyepokea kitambaa leo na kutakiwa mpira mwezi ujao, karatasi haikufika. Deni lake lilikuwa katika kichwa cha mkopeshaji, na kichwa hicho kilikuwa na ada ya kukumbuka zaidi ya kilichotolewa.

Waingereza walipoishika Tanganyika walikuja na sheria ya mikataba ya India ya 1872, iliyotumika mpaka Tanganyika ilipopata sheria yake yenyewe mwaka 1961. Waliweka pia sharti kwamba mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika asisikilizwe mahakamani ila awe na maandishi yaliyoidhinishwa na ofisa wa serikali. Sharti hilo lilisemwa kuwa la kumhifadhi mwenyeji, nami sikatai kwamba lilimhifadhi, ila lilimfungia pia mlango wa mkopo wa halali na kumwachia ule wa uchochoroni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaja sheria ya mauzo ya bidhaa, ambayo ndiyo imsaidiayo au imwangushayo muuza maua hadi leo. Kwa sheria hiyo mauzo ya bidhaa ya thamani ya shilingi 200 au zaidi hayadaiwi mahakamani ila mnunuzi awe amepokea sehemu ya mali, au ametoa arubuni au sehemu ya bei, au pawe na maandishi yaliyotiwa saini na yule anayedaiwa. Shilingi 200 wakati ule zilikuwa mali nyingi; kiwango hakikupandishwa, na leo fedha hiyo hainunui yai moja sokoni Nachingwea, hata ikawa takriban kila mauzo yamo ndani ya sheria hiyo na wauzaji karibu wote hawana habari nayo.

Neno arubuni wazee wa pwani walilijua zamani kabla ya sheria hiyo: ni kile kidogo kitolewacho ili neno lisivunjike. Ajabu ya biashara ya maua ni kwamba arubuni na bei ni kitu kimoja, maana mnunuzi hutoa yote mapema, na kwa sababu ametoa yote, yeye ndiye mwenye kudai, na mkulima ndiye mdaiwa. Mtu aliyekuwa na miti, kivuli, na mavuno yajayo huamka asubuhi ana deni juu ya mali iliyo shambani mwake mwenyewe.

Nachingwea ilipata kujulikana duniani kwa jambo jingine, mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza pauni za Kiingereza zipatazo milioni 36. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa baadaye, na karanga zenyewe hazikuja kwa kiasi kilichotarajiwa. Mkorosho, ambao haukuandikiwa mpango mkubwa kama huo, ukaendelea kuota. Kufika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, kisha vijiji vikahamishwa na watu wakawa mbali na mikorosho yao, ukaja ugonjwa wa ubwiriunga unaoshambulia hasa ua na chipukizi, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yakawa chini ya tani 20,000. Ubwiriunga huo uliwafunza wanunuzi wa maua hadhari, wakapunguza bei kwa hofu ya kunyauka, na mkulima akalipia ugonjwa mara mbili: shambani, na katika karatasi.

Karatasi yenyewe nimeiona zaidi ya moja. Aghalabu ni ukurasa uliochanwa katika daftari la shule, wenye mistari ya buluu, na maneno yake huwa haya: mimi fulani bin fulani wa kijiji fulani nimeuza maua ya mikorosho kadha wa kadha iliyo bondeni, nimepokea fedha zote, nami sitakuwa na neno. Chini yake hupigwa dole gumba lililochovywa wino wa kalamu iliyovunjwa, na shahidi huwa ni mdogo wake mnunuzi. Haisemi kilo ngapi, haisemi mvua ikiharibu itakuwaje, wala haisemi mwenye miti atapalilia kwa gharama ya nani. Na zaidi ya hayo yote, nakala huwa moja, nayo hukaa mfukoni mwa mnunuzi. Watu wa huko huuita ununuzi huu kangomba, jina litumikalo pia kwa yule apimaye kwa chombo badala ya mizani, na wao wenyewe hucheka wakilitaja, kama mtu amchekavyo mgeni mbaya ambaye lazima apewe chakula.

Serikali ilipotunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005, na korosho zikaingizwa katika mfumo huo kuanzia msimu wa 2007/08, mambo yaligeuzwa: mkulima hupeleka mzigo katika chama chake cha msingi, mzigo huingia ghalani chini ya chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, na mali huuzwa mnadani mbele ya wakulima wenye haki ya kuikataa bei. Mkulima akawa mwenye kudai. Lakini kudai ni jambo moja na kulipwa ni jingine, na ghasia zilizozuka Liwale mwezi wa Aprili 2013 kwa ajili ya malipo ya pili, yale ya kukamilisha bei ya korosho, ziliwaonyesha wakubwa kwamba mwenye stakabadhi mkononi hughadhibika zaidi kuliko asiye nayo, kwa sababu yeye anajua hesabu.

Msimu wa 2018 bei mnadani ikawa ndogo, na mwezi wa Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakabeba magunia. Ulifanyika uhakiki wa mashamba ili wenye kangomba wasilipwe, na hapo maua yaliyouzwa Julai yakawa msiba kwa waliokuwa na magunia bila ya mikorosho. Mwezi wa Januari 2019 ukatiwa saini, mbele ya wapiga picha, mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya. Hati ilikuwa nzuri, ila fedha haikuja, na mkataba ukavunjwa. Wazee niliowasikia wakilizungumza jambo hilo barazani hawakuuliza hati ilisema nini; waliuliza arubuni ilikuwa kiasi gani.

Siku moja nilikaa karibu na mizani ya chama cha msingi, upande wa Ruangwa, nikamwona bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake na gunia moja. Karani alipima, akaandika, akampa karatasi. Bibi hakuikunja.

"Nisomee, mwanangu," alimwambia mjukuu.

"Kumi na mbili, bibi."

Karani alikuwa ameandika saba iliyofanana na moja. Bibi alirudi mpaka mezani, akamwekea karatasi mbele yake, akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee, tumeambiana sabini na mbili," ingawa karani alikuwa kijana wa kuzaliwa naye mjukuu. Kijana alikata namba, akaiandika upya, akaweka saini pembeni, na bibi alingoja mpaka wino ukauke ndipo alipoifunga katika pindo la kanga.