Reliant Robin: Gari la matairi matatu lililokunywa mafuta kidogo
Tairi moja mbele, mawili nyuma, kama bajaji. Hilo ndilo Reliant Robin, lililoanza kuuzwa mwaka 1973 na Reliant, kampuni ndogo ya Tamworth, Uingereza.

Mwaka huohuo bei ya mafuta ilipaa duniani, na Robin likapata wateja chap. Siri yake ni wepesi: bodi ya faibaglasi na injini ndogo ya cc 748.

Kodi ya barabara nayo ilikuwa nafuu, na mwenye leseni ya pikipiki aliruhusiwa kuliendesha.

Shida ni kona. Ukikata kwa kasi, tairi moja la mbele halitoshi kulishikilia, linaweza kupinduka.

Reliant iliunda Robin la mwisho mwaka 2001.