Kichekesho cha 1914 Kilichogoma Kuchekesha Kosele

Leo naweka programu kando kidogo niongelee filamu, ingawa mtaona hatutoki mbali na mambo yetu.

Nikiwa likizoni nyumbani Kosele, kule Homa Bay, nilitundika shuka ukutani, nikawasha projekta na kuwaonyesha jamaa zangu filamu fupi ya Charlie Chaplin, Kid Auto Races at Venice. Ilitoka tarehe 7 Februari 1914, na ndiyo iliyowaonyesha watu kwa mara ya kwanza yule mzururaji wa kofia ya duara na bakora. Kisa ni kifupi: mpiga picha anarekodi mashindano ya vigari vya watoto huko California, na jamaa huyu kila mara anajitia mbele ya kamera. Anafukuzwa, anarudi. Basi.

Hakuna aliyecheka. Nyanya akauliza, "Sasa huyu anataka nini?"

Kama ilivyo kawaida yetu watengeneza programu, nikadhani tatizo ni la kiufundi. Kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kama fremu 16 kwa sekunde. Filamu za sauti zilipokuja, kasi ikawa 24. Gawanya 24 kwa 16 upate 1.5: watu wanakwenda mbio kama siafu waliomwagiwa maji moto. Nikapunguza kasi, nikarudia. Ikawa mbaya zaidi! Nilisahau kwamba watengenezaji wa vichekesho walizoea kuzungusha kamera polepole kwa makusudi ili mwendo uonekane wa haraka ukumbini. Nilichokiita hitilafu kilikuwa sehemu ya mzaha.

Halafu kuna kamera yenyewe. Mwaka 1914 ilikuwa kitu cha ajabu. Wengi unaowaona nyuma ya Chaplin walikuwa watu wa kawaida waliokuja kutazama mashindano, nao wanamkodolea macho wasijue ni nani. Leo binamu zangu wote wana kamera mfukoni, na kujipenyeza kwenye picha ya mwenzio ni jambo la kila siku.

Ndipo mjomba wangu, mzee wa miaka 80, akaanza kumsemea Chaplin kwa Dholuo. Akamfanya shemeji ambaye hakualikwa harusini lakini lazima aonekane pichani. Watu wakavunjika mbavu. Nyanya akaomba irudiwe.

Jambo hili lina historia kwetu. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri, Tanganyika, chini ya Notcutt na Latham, ulitengeneza filamu 35 za kuwafunza Waafrika. Gari lilizizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Picha zilikuwa kwenye mkanda wa milimita 16, na sauti kwenye santuri za pembeni, kwa lugha kadhaa zikiwemo Kiswahili na Dholuo. Kwa lugha ya kazi yetu: picha faili moja, sauti faili jingine. Zinazojulikana kusalia ni filamu 3 tu, nazo ni bubu.

Miaka mingi baadaye, wasimulizi wa vibanda vya video kama Lufufu kule Tanzania na DJ Afro hapa Kenya walifanya kama mjomba: walichukua filamu ya mgeni wakaijaza sauti ya nyumbani, na watu wakalipa kiingilio kuisikia.

Ndugu zangu, tunapenda kusema tumehifadhi kitu pindi tukinakili faili. Ile ya Chaplin ninayo nakala kwenye diski tatu, na hata zikiungua zote nitaipata tena mtandaoni. Sauti ya mjomba usiku ule sikuirekodi. Likizo ijayo maikrofoni itatangulia projekta.

Tukutane tena.