Gor Mahia: Klabu Iliyolelewa Eastlands

Tarehe 17 Februari kila mwaka, mashabiki wa Gor Mahia huadhimisha siku ya kuzaliwa kwa klabu yao. Jina lake lilitoka mbali, Kanyamwa huko Ndhiwa, alikoishi Gor mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo, kiongozi na mganga ambaye sifa zake zilienea kote Nyanza kabla hata reli haijazoeleka. Ndiyo maana mashabiki huiita K'Ogalo. Lakini klabu yenyewe haikuzaliwa Nyanza. Ilizaliwa Nairobi mwaka 1968, ikalelewa upande wa mashariki wa jiji, katika mitaa ya wafanyakazi, na sisi wa Pumwani tuna kila sababu ya kuisimulia. Kutoka Majengo hadi uwanja ambako jina lake lilijengwa ni mwendo wa miguu tu: unapita Gikomba, unakata Shauri Moyo, unatokea Barabara ya Jogoo.

Historia ya klabu hii haieleweki bila historia ya mitaa hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliitenga Pumwani iwe mahali ambapo Mwafrika angeruhusiwa kujenga nyumba yake Nairobi. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa kuwapokea waliofukuzwa. Miaka ya 1940 ikaja Kaloleni. Makongeni na Muthurwa zilikuwa za watu wa reli. Wakubwa wa manispaa walijenga kumbi na viwanja wakitumaini kwamba kijana akichoka kwa mpira hatakuwa na nguvu za siasa. Walikosea sana. Ukumbi wa Pumwani na ule wa Kaloleni zikawa mahali pa kupangia timu Jumamosi na pa kuhutubia umma Jumapili, na mara nyingi watu walikuwa wale wale.

Mtu aliyetoka kijijini hakufika jijini akiwa peke yake. Alipokewa na chama cha watu wa kwao. Chama kilichangisha pesa za kusafirisha maiti, karo ya mtoto aliyefaulu, nauli ya aliyeachishwa kazi, na jezi za timu. Luo Union ilikuwa mojawapo ya vyama hivyo, tena vyenye nguvu, na timu yake ilitwaa ligi ya taifa mwaka 1964, ligi hiyo ikiwa katika msimu wake wa pili tu. Mwaka huo huo wa 1964, Waluhya waliziunganisha timu zao ndogo ndogo za sehemu mbalimbali za magharibi wakaunda Abaluhya, na matunda yakaonekana upesi: ubingwa wa 1966 na wa 1967, mfululizo. Siamini kwamba ni sadfa kuwa miezi michache baadaye Luo Union na timu nyingine ya Wajaluo, Luo Stars, zilikubali kuwa kitu kimoja, Gor Mahia. Jirani akishaonyesha nguvu ya umoja, ni nani angependa kubaki na timu mbili zinazogawana wachezaji na wachangaji?

Miongoni mwa waliousimamia muungano huo alikuwa Tom Mboya, waziri wa serikali na mbunge wa jimbo ambalo leo huitwa Kamukunji, yaani mbunge wetu sisi wa Pumwani. Huyu alikuwa mtu wa kumbi hizi. Alijifunza siasa katika vyama vya wafanyakazi, akijua jinsi ya kukaa na watu wasiopatana hadi wapatane. Klabu mpya ilishinda ligi katika mwaka wake wa kwanza. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Julai 1969, Mboya aliuawa kwa risasi katikati ya jiji. Leo sanamu yake imesimama Barabara ya Moi, karibu na mahali alipoanguka, na siku ya mechi kubwa mashabiki waliovaa kijani hupita hapo kwanza, wakaimba na kupiga ngoma, kabla ya kwenda uwanjani. Kuna wanaoliona jambo hilo kuwa fujo tu za barabarani. Mimi naona ni watu wanaomkumbuka mwanzilishi wao kwa njia waliyojichagulia, bila kungoja mwaliko wa serikali.

Uwanja wenyewe una historia yake. Katika enzi za ukoloni ulikuwa uwanja wa Waafrika kwenye Barabara ya Donholm. Barabara ikabadilishwa jina ikawa Jogoo, uwanja ukawa City Stadium, na baada ya Joe Kadenge kufariki Julai 2019 ukapewa jina lake. Kadenge alikuwa mtu wa Abaluhya, mshambuliaji ambaye watangazaji wa redio walilifanya jina lake liimbwe na watoto waliokuwa hawajawahi kumwona. Hakuna shabiki wa Gor wa kweli anayelinung'unikia jina hilo. Uhasama wa timu hizi mbili huitwa wa mashemeji kwa sababu watu wa pande hizi wameoana kwa miaka mingi, na kwenye jukwaa la City Stadium ilikuwa kawaida kumwona mume kwenye kijani na mke kwenye buluu na nyeupe.

Kando ya uwanja ni soko la Burma. Anayetaka kujua klabu hii ilikuwa nini kwa watu, aende akasimame pale saa mbili kabla ya mechi. Mwenye duka la nyama amekwisha kutundika mbavu kwenye kulabu, unachagua mwenyewe, inapimwa, inapelekwa motoni. Inarudi imekatwakatwa juu ya ubao, chumvi kando, ugali wa moto na kachumbari. Waliokaa benchi moja hawajuani, lakini baada ya dakika tano wanabishana kuhusu nani aanze katikati. Fundi wa jua kali kutoka Gikomba, karani wa manispaa, makanga aliyempa mwenzake zamu, mzee wa kofia ya vito kutoka Majengo ambaye si Mjaluo na hajawahi kuvuka Nakuru: wote wana kikosi chao kichwani. Ndipo nasema kwamba klabu hii ilianza kwa kabila lakini ikakuzwa na mtaa.

Miaka ya 1970 ilikuwa ya mpira mtamu. Allan Thigo aliiongoza safu ya katikati kwa pumzi isiyokwisha, ndiyo maana akaitwa dakika tisini. William Chege Ouma alikuwa mfungaji ambaye mabeki walimwota usiku. James Siang'a alikuwa langoni. Baadaye aligeuka kuwa kocha, akajulikana hata Dar es Salaam alikoinoa Simba na timu ya taifa ya Tanzania. Gor ilitwaa ligi mwaka 1974, na mwaka 1976 ikaitwaa bila kupoteza mechi hata moja. Mwaka 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, na hapo ikakutana na Canon ya Yaoundé. Ilifungwa mabao 2 kwa bila nyumbani, ikaenda Kameruni ikafungwa 6. Kipigo hicho kiliuma, lakini kilikuwa somo: wachezaji waliokuwa wakifanya kazi mchana katika mashirika na kufanya mazoezi jioni walikutana na timu iliyokuwa imejiandaa kama jeshi.

Mwaka 1980 serikali iliamuru klabu ziache majina ya kikabila. Abaluhya wakawa AFC Leopards. Luo Union, iliyokuwa imefufuka kando ya Gor na kutwaa ubingwa wa Kenya 1975 na kombe la klabu la Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977, ikawa Re-Union. Gor nayo ikatafutiwa maneno ya Kiingereza ili herufi zake tatu za kwanza zisimame kwa kitu kingine, Gulf Olympic Rangers. Watu wa Burma hawakulitumia jina hilo hata siku moja. Karatasi zilisema lao, jukwaa likasema lake, na mwishowe jukwaa ndilo lililosikika.

Ukitaka kipimo cha nguvu za kandanda la Eastlands wakati huo, tazama kombe hilo la klabu la kanda. Kuanzia 1979 hadi 1985 halikutoka mikononi mwa mashemeji hawa wawili. Abaluhya 1979, Gor 1980 na 1981, AFC 1982, 1983 na 1984, Gor tena 1985. Miaka saba! Vigogo wa Kampala, Dar es Salaam na Khartoum walikuwa wakipigania nafasi zilizobaki. Katika ligi ya nyumbani Gor ilishinda 1983, 1984 na 1985 mfululizo.

Kisha 1987. Kocha alikuwa Mwingereza Jack Johnson, nahodha Austin Oduor, aliyeitwa Makamu. Walikuwamo Abbas Khamis Magongo, Sammy Onyango Jogoo, Tobias Ocholla, George Onyango Fundi, Charles Otieno, na mbele Peter Dawo, mrefu, hatari kwa kichwa, aliyemaliza Kombe la Washindi la Afrika akiwa mfungaji bora. Fainali ilikuwa dhidi ya Espérance ya Tunis. Mechi ya kwanza, huko Tunis, iliisha 2 kwa 2. Sheria ya wakati ule ilihesabu bao la ugenini kwa uzito zaidi, kwa hiyo Gor ilirudi nyumbani ikihitaji tu kujilinda vyema, jambo ambalo ni gumu kuliko kushambulia ukiwa na jiji zima mabegani. Tarehe 5 Desemba 1987, Nairobi, matokeo yalikuwa 1 kwa 1. Makamu akainua kombe. Hakuna klabu nyingine ya Kenya, Uganda au Tanzania iliyowahi kulitwaa kombe la klabu la Afrika, ingawa kadhaa zimefika fainali. Kombe lile halikununuliwa na tajiri yeyote. Lililetwa na viingilio vya langoni, michango ya kumbini, na vijana waliopewa ruhusa kazini.

Mataji ya ligi yaliendelea: 1990, 1991, 1993, 1995. Baada ya hapo, ukame wa miaka 18. Sababu si za uchawi. Timu za kampuni zilianza kulipa mishahara ya uhakika, na mchezaji mwenye familia hawezi kula mapenzi. Wasimamizi wa klabu waligombana hadi ikawa vigumu kujua nani mwenyekiti. Shirikisho la taifa nalo lilivurugana kiasi kwamba FIFA iliifungia Kenya mwaka 2004 na tena 2006. Mashabiki wengine walifanya fujo, na hilo lazima lisemwe bila kulifunika, kwa maana lilifukuza familia viwanjani na kuifungia klabu milango ya viwanja.

Ubingwa ulirudi 2013 chini ya Bobby Williamson, Mskoti, ukabaki 2014. Mwaka 2015, Frank Nuttall akiwa kocha, Gor ilirudia ajabu ya 1976: msimu mzima bila kushindwa ligini, Michael Olunga akifunga atakavyo kabla ya kuhamia Sweden. Julai 2017 Everton ilikuja Dar es Salaam, Wayne Rooney akafunga, Jacques Tuyisenge akaisawazishia Gor, Everton ikapata la ushindi. Novemba 2018 Gor ilikutana nayo tena Goodison Park na kufungwa 4. Mwaka 2019 ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho ikatolewa na Berkane ya Moroko. Kufikia msimu wa 2023/24 mataji yake ya ligi yalikuwa 21, na hakuna klabu ya Kenya inayoikaribia.

Lakini klabu hii ya mataji 21 haina uwanja wake. Imecheza City Stadium, Nyayo, Kasarani, Machakos, Kisumu, popote paliporuhusiwa. Imefanya mazoezi Camp Toyoyo, Jericho, uwanja wa mtaa. Imewahi kufungiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya waliokwisha kuondoka. Ulaya kuna klabu za miji midogo, zisizofikia robo ya mashabiki wa Gor, zenye uga, ofisi, na chumba cha makombe ambacho mtoto hupelekwa na mwalimu wake. Mtoto wa Pumwani akitaka kuona kombe la 1987, aelekezwe wapi?

Wanachama wamezungumzia kununua ardhi kwa miaka mingi, na mara nyingi hutajwa maeneo ya nje ya jiji ambako ekari ni nafuu. Naelewa hesabu hiyo. Hata hivyo, kituo cha vijana cha Gor Mahia kikijengwa, kiwe mahali ambapo mvulana wa Majengo au msichana wa Kaloleni anaweza kufika baada ya shule bila kuomba nauli. Wachezaji wa 1968 walikwenda mazoezini kwa miguu, na wa kesho bado wanaishi huku huku.