Habari ya Kesi na Saa ya Sheria: Bomba la Mafuta katika Kagera

Mkazi wa Kahororo, katika mji wa Bukoba, hawasikii mawakili wakibishana Arusha. Habari za kesi humfikia kwa gazeti na redio, na kwa watu wengi neno la gazeti ndilo hukumu yenyewe. Kwa hiyo yafaa kuchunguza jinsi kesi za mazingira zinavyotangazwa.

Tarehe 26 Mei 2017 serikali za Uganda na Tanzania zilitia saini mapatano ya kujenga bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, mwendo wa kilomita 1,443. Katika hizo, 1,147 zimo Tanzania. Mafuta hayo yana nta, nayo huganda yakipoa. Hivyo bomba sharti litiwe joto njia nzima. Likiisha kuvuka mpaka, hupita Missenyi, Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo, nchi ya migomba na mibuni. Kwa Mhaya, kibanja si shamba tu: ni makao na urithi, na mara nyingi ndimo walimozikwa wazee wake.

Mnamo Novemba 2020, mashirika manne ya kiraia kutoka Uganda, Kenya na Tanzania yalifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yakidai kwamba mradi unavunja Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria. Tarehe 29 Novemba 2023 Mahakama iliiondoa kesi hiyo. Habari ikaenea kwamba kesi imetupwa. Neno hilo lilikuwa kweli, lakini nusu ya kweli. Kifungu cha 30(2) cha Mkataba humpa mlalamikaji miezi miwili tu, na majaji waliona kwamba walalamikaji walipaswa kufika tangu 2017. Kama bomba litadhuru ziwa au halitadhuru, hawakuamua. Basi aliyeshangilia kwamba mradi umetakaswa alikosea, na aliyelia kwamba madhara yamehalalishwa alikosea vilevile. Walalamikaji wakakata rufani.

Kabla ya hapo, tarehe 20 Juni 2014, Mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kesi ya barabara ya Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2010. Hapo hoja ya mazingira yenyewe ilipimwa, na serikali ikazuiwa kujenga barabara ya lami kukata Hifadhi. Hata hivyo, hukumu haikuizuia kuanzisha mipango mingine isiyodhuru mazingira. Aliyesoma kichwa cha habari peke yake hakuweza kuijua mipaka ya ushindi huo.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni ya wakati. Gazeti huijia kesi siku ya kufunguliwa na siku ya hukumu, hali saa ya sheria huanza kwenda mapema zaidi. Tarehe 5 Agosti 2017 Marais John Magufuli na Yoweri Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani, mbele ya waandishi wa habari. Miezi miwili ikihesabiwa tangu siku ya saini, ilikuwa imekwisha siku kumi kabla ya sherehe hiyo.

Kwa hiyo habari iliyomfaa zaidi mwenye kibanja wa Muleba si ile ya 2023, bali ile ya Mei 2017: mapatano yanasema nini, bomba litapita wapi, na asiyeridhika ana siku ngapi za kwenda kwa hakimu. Habari ya hukumu humweleza mtu yaliyokwisha kumpata. Habari ya mapatano humwachia nafasi ya kutenda.